Fataki Chini ya Kitanda

Wiki hii nimelitoa daftari la zamani kwenye sanduku la vyeti. Kurasa hizi niliziandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga Mabatini, na mwandiko wenyewe unasema. Naziweka hapa kama zilivyo. Nimesahihisha tahajia tu. Kusahihisha ni ugonjwa wangu, mtaona.

Jumamosi, Desemba 30, 1995. Saa tano asubuhi.

Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, sasa jua linawaka na mawe yote ya mlima huu yanatoa mvuke. Kipande cha ziwa kinachoonekana kutoka hapa ni kijani upande mmoja, pale magugumaji yalipojazana. Siku nzuri ya kufua. Sifui. Nimekaa juu ya jiwe, hatua kama arobaini kutoka mlango wangu wa nyuma, naulinda mlango asiingie mtu, na naogopa mpaka kalamu inateleza kwa jasho.

Chini ya kitanda changu kuna boksi la fataki. Si zile fataki tulizozitaka.

Nianze mwanzo, maana nikiandika kwa mpangilio huenda moyo ukatulia. Mume wangu, Baba Sayi, alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wenzake walikaa kijiweni wakilaani. Yeye alichukua kiinua mgongo akafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Mabatini: misumari, bawaba, rangi, bati. Zamani hata msumari uliupata kwa kibali. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kinatoka Dubai, kinashushwa Dar, kinapakiwa kwenye lori, na hakuna anayeuliza kimepitia wapi.

Keshokutwa duka linatimiza mwaka. Baba Sayi akaamua kwamba mkesha wa mwaka mpya atapiga fataki mbele ya duka, mtaa mzima ujue kuwa kijana wa Misungwi naye ni mtu. Ataziwasha mwenyewe, kwa mkono wake. Kila aliyenunua hata kilo ya misumari mwezi huu ameambiwa. Kwaya ya vijana imealikwa. Akaandika oda kwenye karatasi, akampa Ramadhani, dereva wa lori anayemletea mizigo kutoka Dar. Jumatano Ramadhani akafika na boksi, dogo tu, kama la viatu. Duka letu liliwahi kuvunjwa, kwa hiyo boksi likaja kulala nyumbani, uvunguni.

Tumelalia boksi hilo usiku tatu.

Leo saa mbili asubuhi Baba Sayi akasema ajaribu moja nyuma ya nyumba, asije akaaibika kesho mbele za watu. Akalivuta boksi, akakata kamba. Ndani kulikuwa na unga wa mbao, na katikati ya unga vijibomba vyeupe vya bati laini, virefu kama kidole, vyembamba kama penseli, vimefungwa upande mmoja na upande wa pili viko wazi. Akachomoa kimoja. Mkono mwingine ulikuwa na kiberiti.

"Mwalimu," akaniita, maana akitaka kunitania haniiti Mama Sayi. "Mbona hazina utambi? Au mtu anachomeka njiti humu tunduni?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikanyanyua macho nikakiona kile kitu kinang'aa kati ya vidole vyake, nikauweka ungo chini.

Sijawahi kumwamrisha mume wangu. Leo nimemwamrisha. Nilimwambia akirudishe pale alipokitoa, polepole, kama anamrudishia kuku yai. Akaanza kucheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka, akafanya kama nilivyosema.

Nilijuaje? Hili ndilo nataka kuliandika, kama somo la ubaoni.

Fataki ya sikukuu ni karatasi. Ukiikata utakuta karatasi ngumu iliyozungushwa, udongo mkavu wa kuziba, utambi, na unga mweusi. Unga huo ni mkaa, salfa na shura. Mkaa na salfa ndivyo vinavyoungua. Shura ndiyo inayovipa pumzi, maana ina oksijeni tumboni mwake, kwa hiyo moto wa baruti hausubiri hewa ya nje. Ukiumwaga unga huo mahali pa wazi ukauwasha, unasema fyuuu na kwisha. Ukiufunga ndani ya kitu, gesi inakosa pa kutokea, na hapo ndipo mlio unapozaliwa. Waliotengeneza wamechagua karatasi makusudi. Karatasi ikipasuka inakuwa manyoya. Bati likipasuka linakuwa visu.

Na zile rangi? Rangi ni madini. Hili nalijua tangu nikiwa mtoto kule Kagera. Baba yangu alikuwa akipulizia kahawa mrututu, ile dawa ya buluu inayotokana na shaba. Siku moja mfuko mtupu wa mrututu ukatupwa motoni, na miali ikageuka kijani. Mama akajivuta nyuma akajifanyia ishara ya msalaba. Mimi nikasogea. Nadhani ualimu wangu wa kemia ulianzia pale jikoni. Baadaye nikajifunza kwamba kila chembe ya madini ikipashwa moto, elektroni zake zinaruka juu, haziwezi kukaa huko, zinarudi chini, na katika kurudi zinatema nuru. Chumvi ya mboga inatema njano. Shaba inatema kijani, na kwa werevu zaidi buluu. Strontiamu ni nyekundu. Alumini ni nyeupe ya kuumiza macho. Kila mwaka nawafanyia kidato cha tatu jambo hili kwa jiko la spiriti na kijiko, na kila mwaka wanapiga makofi.

Sasa kile kijibomba. Kabla ya leo sikuwahi kukiona kwa macho. Nilikisoma chuoni, aya moja na picha ndogo, na mkufunzi akapita haraka kwa sababu hakikuwa cha mtihani. Ndani yake hamna unga wa kuungua. Mna kitu ambacho hakina subira ya kuungua. Kinapasuka chote kwa mara moja, na kazi yake si kufurahisha mtu. Kazi yake ni kuamsha baruti kubwa inayopasua mwamba. Kwa moto kinapasuka. Kwa kugongwa kinapasuka. Kimoja tu kinatosha kuondoka na mkono ulioshika.

Ndani ya boksi ni vingi. Sikuhesabu.

Nilimwambia Baba Sayi twende polisi. Akasema akianza na polisi ataulizwa kibali cha baruti kabla hajamaliza salamu. Aje kwanza mtu anayevijua vitu hivi, ndipo twende naye. Akamkumbuka Mzee Lugata, mteja wake, aliyelipua mawe kwenye machimbo ya kokoto miaka mingi na anakaa huko njia ya Misungwi. Baba Sayi amepanda baiskeli kumfuata. Kabla hajaondoka aliapa kwamba akitoka kwa mzee atapita gesti anakolala Ramadhani, na Ramadhani atamtambua leo. Anasema dereva amechanganya maboksi kwa uzembe, na uzembe huu ungemuua.

Mimi nimebaki. Nimemwagia maji jiko la mkaa. Nimezima redio, sijui kwa nini, nimezima tu. Nashukuru watoto wako kwa bibi yao Misungwi kwa likizo.

Kuna jambo moja siwezi kuacha kulifikiria. Kitanda chetu kina chaga iliyolegea upande wangu. Nikijigeuza inashuka. Usiku hizi tatu imekuwa ikigonga kitu: ngo. Nikadhani ni sanduku la nguo. Juzi iligonga, Baba Sayi akasema usingizini, "Karibu."

Sanduku la nguo liko kwenye kona nyingine. Nimelikumbuka sasa hivi.

Saa saba.

Bado hajarudi. Lakini kumetokea balaa ya kijinga, na nimeisababisha mwenyewe.

Asubuhi sana, kabla ya haya yote, nilikuwa nimemwomba jirani yangu Mama Kulwa kaa la moto. Baadaye nikawasha jiko kwa kiberiti, nikasahau. Yeye hakusahau. Nilikuwa nimeinamia daftari, nikasikia kandambili, kunyanyua uso namwona amefika kizingitini kwangu na kigae kimejaa makaa mekundu, anapuliza huku anatembea, cheche zinaruka. Kutoka kizingitini hadi chumbani kwetu kuna pazia tu.

Nilipiga ukelele nikateremka kwenye jiwe sijui kwa miguu gani. Nikamshika mkono, nikamrudisha nyuma. Akaniuliza nina nini. Sikutaka mtaa ujue. Watu wakijua watakuja kutazama, na mtu wa kutazama hukosi kumkuta na sigara. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Kuna nyoka uvunguni."

Mimi niliyekaa Usukumani miaka tisa nilisema hivyo. Kwetu Kagera ukisema nyoka, watu wanakimbia. Hapa wanakuja.

Mama Kulwa aliweka kigae chake chini akaenda kumwita mumewe, na Baba Kulwa ni mtu wa ukoo wa wale wanaocheza na nyoka ngomani. Alikuja na mpini wa jembe, amevua shati, anatabasamu. Huyu baba amengoja miaka mitatu jirani yake apate nyoka. Akasema, "Shemeji, pole sana. Kaa pembeni. Mimi nikipiga uvungu mara mbili atatoka mwenyewe."

Kupiga uvungu. Kwa mpini wa jembe.

Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono kama kipa. Alidhani ni adabu, akanisogeza kwa upole. Nikashika mpini kwa mikono miwili nikaanza kulia, kulia kweli, na katika kulia nikasema yote: si nyoka, ni fataki, si fataki za mchezo, ni zile za kupasulia mawe, ziko nyingi, tumezilalia, usipige, nakuomba usipige.

Baba Kulwa alirudi hatua moja. Akaushusha mpini mpaka ukagusa ardhi, taratibu, kama ardhi nayo ingeweza kupasuka. Akavaa shati lake.

"Nyoka ningeingia," akasema.

Akambeba mkewe na kigae chake, yaani alimshika kiuno akamwondoa, na sasa wamekaa upande wa pili wa uzio, ameahidi hatamwambia mtu. Anakohoa mara kwa mara ili nijue yupo. Namshukuru kwa kikohozi hicho kuliko anavyojua.

Saa nane kasoro.

Kuna jambo sijaliandika. Nimejaza kurasa hizi zote na kemia ili nisiliandike.

Boksi lilikuja na ile karatasi ya oda, imekunjwa juu ya unga wa mbao. Mwenye stoo wa Dar aliirudisha kama uthibitisho. Baba Sayi alipoondoka niliichukua. Iko kwenye mfuko wa gauni langu.

Ramadhani hakuchanganya maboksi.

Mume wangu aliandika, kwa mwandiko wake mkubwa: Baruti za sikukuu, boksi moja. Ndivyo watu wanavyosema hapa, watoto kwa wakubwa, kila Krismasi. Mimi nikapita mezani nikaona. Nilikuwa nasahihisha mitihani, kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikamwambia hiyo siyo lugha, baruti ni ule unga, kinachorushwa angani kikatoa maua kinaitwa fataki. Akacheka, akasema Wahaya hata chumvi mnaiomba kwa cheti. Hilo likanichoma. Nikaenda kuleta kamusi, nikamwekea kidole kwenye neno. Kisha nikayakata maneno yake yote, na "za sikukuu" pia nikaikata kwa kuwa niliona ni ya ziada, nikaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: Fataki, boksi moja.

Mwenye stoo anauzia wachimbaji. Aliona mwandiko wa mtu aliyesoma, hauna sikukuu, hauna mchezo. Akaleta fataki.

Na bado sijamaliza. Kwenye kamusi ile neno lina maana mbili. Ya kwanza ni kile kidude cha kuwashia baruti. Ya pili ndiyo ya sherehe. Kidole changu nilikiweka kwenye ya pili. Ya kwanza niliiona. Niliisoma. Nikairuka kwa sababu nilikuwa nabishana na nilitaka kushinda.

Nilitaka kuichoma hii karatasi. Nimejikagua nikakuta hata hilo siwezi, kwa sababu nimeuzima moto wote wa nyumba hii.

Nikikaa kimya, Ramadhani atavunjwa mbavu leo. Ana watoto. Nikisema, mume wangu atajua kwamba aliyekaribia kumuua ni mimi, kwa wino mwekundu. Naogopa lile boksi. Naogopa na mfuko wa gauni langu, na sijui ni kipi nakiogopa zaidi.

Saa kumi na moja jioni.

Walifika saa tisa, bila kupita gesti. Mzee Lugata ni mfupi, mkimya, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba huku anatazama paa, madirisha, jiko, kama mtu anayetaka kupanga. Akauliza nani amevigusa, nani anavuta sigara, jiko limezimwa saa ngapi. Kisha akatuambia tukae mbali, akaingia peke yake.

Alikaa humo muda mrefu. Nilimsikia akisogeza kitanda. Nilisikia chaga ikigonga, na nikafumba macho.

Alitoka amelibeba boksi kifuani ndani ya blanketi letu la harusi, anatembea kama mama aliyetoka kujifungua. "Talatibu," alikuwa akijiambia, "talatibu." Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutamani kumsahihisha mtu. Akasema vizima vyote, hakuna kilichoumia. Boksi litakwenda machimboni kwenye ghala lenye kufuli mbili, na msimamizi wa machimbo ndiye atakayezungumza na polisi, na sisi twende naye. Baba Sayi akaitikia kila neno.

Ndipo mzee akauliza mlikuwa mmeagiza nini hasa.

"Fataki," akasema Baba Sayi. "Dereva ndiye kaleta hivi. Naenda kwake sasa hivi."

"Lakini hizi ndizo fataki," akasema mzee. "Sisi machimboni ukisema fataki ni hizi. Hatuna nyingine."

Nikaitoa karatasi mfukoni. Baba Sayi aliishika na mkono wangu pamoja. Akaisoma. Si ndefu, ina maneno machache tu, lakini aliisoma muda mrefu, mwandiko wake chini ya mistari yangu myekundu. Nilimwambia kuhusu kamusi. Nilimwambia kuhusu maana ya kwanza, kwamba niliiona. Sikujitetea. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nikasema yote mbele ya mzee wa watu.

Nilingoja anipigie kelele. Mzee Lugata aligeuka akatazama ziwa, kwa adabu.

"Kwa hiyo Ramadhani hana kosa," akasema Baba Sayi.

"Hana."

Akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa shati. "Sasa zile zangu mimi zinaitwaje, Mwalimu?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli.

"Baruti za sikukuu," nikasema.

Saa moja kasoro.

Mzee Lugata ameshaondoka na boksi. Kesho hatupigi kitu. Kwaya itaimba, watu watapewa soda, basi. Shule ikifunguliwa nitafundisha tena somo la rangi za moto, na safari hii nitaanza kwa kuwauliza wanafunzi kwao kitu hiki kinaitwaje, kisha nitanyamaza nisikie, hata wakisema nisichokipenda.

Mama Kulwa ameleta makaa mengine. Nimewasha jiko mbali na nyumba, nimesonga ugali, nimekaanga sato. Baba Sayi amenawa anakula. Mimi nimeshindwa kula. Nimekaa namtazama mkono wake wa kulia unavyomega tonge, unavyolibonyeza, unavyochovya mchuzi, unavyorudi sahanini. Vidole vitano. Ameniuliza naangalia nini, nimesema siangalii kitu.